Wote Watasimama

Haya, tega sikio, na kama umekaa karibu na dirisha, lifunge kwanza. Mambo haya hayakutokea kwetu. Yalitokea mbali huko, kwenye nchi za baridi, na mtu akiona yanafanana na ya kwake, hilo ni la macho yake.

Kulikuwa na nchi kumi na tisa zilizolala chini ya blanketi moja. Ndivyo zilivyojiita zenyewe, Umoja wa Blanketi, na blanketi lilikuwepo kweli, la sufu, la vipande kumi na tisa, limetundikwa kwenye ukumbi wa mikutano. Nia ilikuwa nzuri sana. Baridi ikija, au mtu mbaya akija, wote wako ndani pamoja. Kasoro ndogo tu ni kwamba blanketi lina katikati na lina pembeni. Nchi za katikati zililala mpaka zikakoroma. Nchi ya pembeni kabisa, iliyoitwa Ukingoni, miguu yake ilikuwa nje, na huko nje alikuwepo Jirani.

Jirani alikuwa mkubwa, ana jeshi, na alikuwa na tabia ya kupima uzio wa watu kwa hatua za miguu. Kwenye makaratasi ya Umoja aliandikwa "Jirani Mwema", kwa sababu kamati ya majina ilikaa miezi saba, na hilo ndilo jina pekee ambalo halikumkera mtu, hasa Jirani mwenyewe.

Siwema alizaliwa huko Ukingoni, mji wa Kitongo, mtaa wa nne kutoka daraja la mpakani. Sasa alikuwa mkalimani wa Umoja, makao makuu. Alikuwa mwanamke wa aibu, anayeongea huku anatazama viatu vyake, na kazi ile ilimfaa sana, maana mkalimani anaongea kutwa nzima na hakuna hata neno moja lililo lake. Alikaa kwenye kibanda cha vioo. Mbele yake kulikuwa na vitufe kumi na tisa, kila nchi na chake. Wajumbe walivaa spika za masikioni, na kila mmoja aliongea lugha ya kwao, kwa sababu kule ilionekana ni fedheha ya taifa zima mjumbe kuelewa lugha ya mwenzake. Kwa hiyo lililosemwa na huyu lilipita kwanza mdomoni mwa Siwema ndipo likamfikia yule. Kanuni ilibandikwa mlangoni: Mkalimani hana la kwake.

Kuna siku moja tu aliwahi kuwa na la kwake, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Miaka tisa nyuma, Umoja ulikuwa unaandika Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja. Kwanza waligombania lugha. Kila mtu alikataa ya mwenzake, mpaka wakatafuta lugha ambayo haimuumi yeyote, wakaiokota hii yetu, ya mbali, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Siwema aliijua kwa sababu bibi yake alikuwa mtu wa huku. Halafu wakakwama kwenye sentensi moja: nchi mojawapo ikiguswa, nyingine zitafanya nini? "Zitapigana" ilikataliwa na nchi saba. "Zitasaidia" ilikataliwa na nne, zilizotaka kujua kwanza ni msaada wa aina gani na unaanzia saa ngapi. "Zitatuma watu" iliwafanya wawili watoke nje kupunga upepo.

Usiku wa nne wa mabishano Siwema alikuwa amechoka. Akaandika neno moja kwenye kikaratasi, akakipitisha chini ya mlango. Zitasimama. Nchi moja ikiguswa, zote zitasimama.

Ukumbi ulifurahi mpaka watu wakakumbatiana. Kila mmoja alipoelezwa maana yake aliona ndilo neno alilokuwa analitafuta. Siwema akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu, na mama yake akakitundika sebuleni Kitongo, wageni wakawa wanaonyeshwa kabla hata hawajakaa.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, theluji imelala barabarani. Saa tatu asubuhi simu ya Siwema ilitikisika mapajani. Alikuwa mdogo wake, Hidaya, aliyebaki Kitongo na wanawe wawili na mama yao.

"Da Siwema, wamevuka."

"Nani kavuka?"

"Unauliza nani. Magari yanapita darajani tangu alfajiri, hayaishi. Mwenye mkate kafunga duka, na yule hajawahi kufunga hata siku aliyofiwa."

"Mama yuko wapi?"

"Kitandani, atakuwa wapi na nyonga ile? Nimemwambia ni trekta za mavuno. Kaniuliza mavuno gani mwezi wa pili."

"Hidaya, chukua watoto uondoke."

"Na Mama nimbebe kwenye kikapu?" Hidaya alicheka kidogo, halafu akaacha. "Wanaanza mtaa wa daraja. Wanaingia nyumba moja moja. Wakitoka wanapiga mlango chaki. Kuna milango ya alama moja, kuna ya mbili. Wenye mbili wanapakiwa kwenye lori."

"Wanapelekwa wapi?"

"Sijui, dada. Hakuna aliyerudi nikamuuliza." Akashusha sauti. "Wa kwenu huko wanakuja lini?"

"Leo. Kuna mkataba."

"Ule ulioandika wewe?"

"Ee. Ule."

"Basi tuko salama," Hidaya akasema, na hakuwa anatania. Hapo ndipo Siwema alipoanza kuogopa, kwa namna mdogo wake alivyovuta pumzi na kutulia, kama mtu aliyekuta mlango uko wazi.

*

Kikao cha dharura kilianza saa tano, kwa sababu cha saa nne kilikuwa cha kupanga kikao cha dharura. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwandu, mjumbe wa nchi ya Katikati, mtu mnene mwenye sauti ya kuwekea wakfu majengo.

"Waheshimiwa," alisema, "historia inatutazama. Historia ina macho. Macho yale yasitukute tumekaa. Naomba kipengele kisomwe."

Kikasomwa: nchi moja ikiguswa, zote zitasimama. Siwema akatafsiri kwa lugha kumi na tisa, anasubiri majeshi yatajwe.

Mheshimiwa Ngwandu akasimama.

Mjumbe wa nchi ya Visiwa akasimama. Wa nchi ya Jibini akasimama. Viti vikakwaruza sakafu, na nchi zote za Umoja wa Blanketi zikawa wima, mikono kifuani, zinatazama mbele kwa huzuni ya kupendeza. Walisimama dakika moja na nusu. Ingekuwa moja, ila mjumbe wa Visiwa alikuwa amevua viatu chini ya meza na kimoja kilipotea. Mzee Shekue, mjumbe wa nchi ya Milimani, hakuweza kabisa. Akaomba iandikwe kwamba nchi yake imesimama kwa moyo, ila magoti yamejizuia kwa nia njema. Ikaandikwa hivyo.

"Tumetekeleza," alisema Mheshimiwa Ngwandu, akakaa. Wakapiga makofi. Mtu mmoja alifuta machozi.

Mjumbe wa Ukingoni hakukaa. Alikuwa mama mwembamba aitwaye Nuru, na alibaki wima akisema, "Jamani, watu wangu. Watu wangu wanapakiwa kwenye malori." Akaambiwa kwa upole kwamba anawazuia walio nyuma yake kuona.

Siwema alitazama mikono yake juu ya vitufe. Akaitoa, akaikalia.

*

Sasa usije ukadhani Umoja haukuwa na jeshi. Ulikuwa nalo. Kulikuwa na msafara mzima wa nchi tano, magari themanini, uliokuwa unafanya mazoezi huko huko Ukingoni, mwendo wa saa moja tu kutoka Kitongo. Ulipoanza tu uvamizi, Jenerali Mtengule, mkuu wa majeshi ya pamoja, aliugeuza uelekee mpakani. Alikuwa mtu wa vitendo. Halafu, kwa kuwa pia alikuwa mtu wa taratibu, akawapelekea amri rasmi kwa maneno yale yale ya mkataba, ili asije akalaumiwa: "Simameni na Ukingoni."

Na kila gari la Umoja lilikuwa na kamusi, kwa ajili ya amri za lugha ya mkataba. Kiongozi wa msafara akaifungua. Simama: maana ya kwanza, acha kwenda. Maana ya pili, kuwa wima. Akachukua ya kwanza, kwa sababu jeshini hakuna anayeruka ya kwanza kuifuata ya pili. Magari themanini yakasimama kando ya kituo cha mafuta.

Simu ya jenerali iliunganishwa na ukumbi, na ilipita kwa Siwema kama kila kitu.

"Mkuu, tumesimama," ilisema sauti ya kiongozi.

"Safi sana," alijibu jenerali. "Mmesimama imara?"

"Imara kabisa, mkuu. Hatujasogea hata hatua moja."

"Endeleeni hivyo hivyo. Nchi kumi na tisa zinajivunia ninyi."

Siwema alitafsiri neno kwa neno, huku na huku, na katikati ya neno "hatujasogea" sauti yake ilikatika. Wajumbe wakagonga spika zao wakidhani ni mtambo. Alikuwa ameelewa. Wale hawaji. Wamesimama, na aliyewasimamisha ni yeye, kwa kikaratasi chake, na shukrani yake inaning'inia ukutani, sebuleni kwa mama yake.

Mapumziko ya chai alikimbia kwa mkuu wake wa kazi, Bwana Machano, aliyekuwa anachovya biskuti.

"Bwana Machano, kuna kosa. Neno lile lina maana mbili. Wale askari wamelichukua kwa maana ya kutokwenda."

"Kosa la nani?"

"La kwangu."

"Hapana, mama. Neno likishasainiwa si la kwako tena, ni la Umoja. Na Umoja haukosei." Biskuti ikakatikia kwenye chai, akasikitika. "Ukitaka kulibadilisha, kuna fomu. Inajazwa na nchi mwanachama. Wewe ni nchi?"

"Mimi si nchi."

"Basi rudi kibandani, unywe maji. Sauti yako leo inakwaruza."

Simu ikatikisika. Siwema aliipokelea kwenye korido.

"Wako mtaa wa tatu," Hidaya alinong'ona. "Kwa mwalimu Sifa wameweka alama mbili. Wamemtoa na ndara, dada, kwenye theluji hii. Wa kwenu wamefika wapi?"

Mtu aliyesema maneno ya watu miaka kumi na mitano sasa alitakiwa aseme la kwake.

"Da Siwema?"

"Wako njiani."

Nyuma ya Hidaya alisikika mama yao akiuliza ni nani kwenye simu, kisha akasema, "Mwambie asipige kelele, yuko kazini yule."

*

Kikao kilirudi na jambo zito: je, kusimama kwa magari ni sawa na kusimama kwa wajumbe, au msafara umewazidi waheshimiwa kwa kusimama muda mrefu zaidi? Mjumbe wa Jibini aliona ni utovu wa nidhamu. Mjumbe wa Visiwa akapendekeza kamati. Nuru, ambaye bado alikuwa wima, aliomba kwa mara ya sita magari yaambiwe yaende. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba kura ya mwombaji haihesabiwi, na kwamba ili magari yaende lazima nchi nyingine zote kumi na nane zikubali.

"Kuna anayekubali?" aliuliza Mheshimiwa Ngwandu.

Wajumbe walitazama kalamu zao. Na Siwema, kutoka kwenye kioo chake, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka yote ile. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaogopa. Kila mmoja alimtupia jicho mwenzake wa kulia, halafu wa kushoto, kwa hofu ya kuwa mkono wa kwanza juu na Jirani akauona. Hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye, ila ya kwao ilikuwa imevaa tai.

"Kama hakuna," mwenyekiti akasema, "naahirisha mpaka Alhamisi."

Siwema alitakiwa kutafsiri sentensi hiyo. Ilikuwa fupi. Kidole chake kilifika kwenye kitufe cha kwanza, cha Jibini. Akabonyeza.

"Nchi kumi na saba zimekubali," alisema kwa Kijibini, kwa sauti ndogo. "Umebaki wewe."

Akaachia. Akabonyeza cha Visiwa. "Nchi kumi na saba zimekubali. Umebaki wewe." Akabonyeza cha Milimani. Alidhani atazimia kabla ya kufika cha kumi. Alisema kwa lugha za puani na lugha za kooni, sentensi ile ile, mpaka akamaliza na cha Katikati, cha mwenyekiti mwenyewe.

Mjumbe wa Jibini aligeuka kushoto na kulia, uso umemsawijika kama aliyekutwa bila suruali. Kuwa wa kwanza kulimtisha. Lakini kuwa wa mwisho, peke yake, jina lake tu kwenye magazeti ya kesho, hilo lilimtisha zaidi. Mkono ukapanda. Wa Visiwa alipouona akajua ni kweli, akapandisha wake. Mzee Shekue alipandisha miwili, kufidia magoti. Sekunde kumi tu, ukumbi mzima ukawa mikono.

Mheshimiwa Ngwandu alitazama huku na huku, mkono wake uko juu, midomo inamcheza.

"Kwa kauli moja," alisema, kama mtu anayesoma barua ya daktari. "Jenerali, waambie waende."

"Waende kwa neno gani, mheshimiwa?"

Kabla mwenyekiti hajapata la kusema, Siwema aliingia mwenyewe kwenye mawasiliano ya msafara. "Nendeni Kitongo," alisema. "Sasa hivi. Nendeni."

Kiongozi wa msafara alifungua kamusi. Neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

*

Saa moja ile ya mwendo wa magari Siwema hakuihesabu, aliishi nayo tu. Saa tisa kasoro simu ikatikisika.

"Da Siwema." Hidaya alikuwa analia bila sauti. "Walikuwa kwa jirani wa ukuta. Mlango uliofuata ulikuwa wetu. Wakasikia injini zinakuja kutoka upande wa mjini, wakaacha hata mlango wazi, wakakimbilia darajani. Tupo. Watoto wapo, Mama yupo."

"Na yule jirani?"

"Alishapakiwa. Na mwalimu Sifa. Mtaa wa daraja wote, na wa pili, na wa tatu. Yale malori yalishavuka, dada."

*

Kesho yake kila nchi ilitangaza kwao kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukubali. Jibini walichapa stempu. Visiwa walifanya mapumziko ya kitaifa. Nchi kumi na nane zikawa za kwanza, na hilo likazua mgogoro, kwa hiyo Umoja ukaunda tume ya kutafuta nani hasa alitangulia. Kibanda cha mkalimani kina kinasa sauti. Alhamisi, mkanda ukaletwa ukumbini na Bwana Machano mwenyewe.

Siwema aliitwa atoke kwenye vioo, asimame mbele, atafsiri kila kitakachosikika. Hakuwa amelala siku mbili. Alijua kosa la mkalimani kusema la kwake adhabu yake ni ipi; iliandikwa chini ya ile kanuni ya mlangoni, kwa herufi ndogo.

Mkanda ukawashwa. Sauti yake, ndogo, inatetemeka, ikatoka kwa Kijibini. Mjumbe wa Jibini, ambaye tangu jana yake uso wake ulikuwa kwenye stempu, alielewa kila neno. Alianza kukohoa. Kisha ikatoka ya Visiwa, na mjumbe wa Visiwa akainama kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Mmoja baada ya mwingine, kila mtu alisikia kipande chake, akaelewa kwamba aliambiwa ni wa mwisho, akatazama meza. Wa mwisho kabisa alikuwa Mheshimiwa Ngwandu. Alifungua kishikizo cha shati.

Mkanda ukaisha. Bwana Machano, ambaye hakujua hata lugha moja kati ya zile, aliuliza, "Haya, Siwema. Huyo anasema nini?"

Wajumbe kumi na nane waliinua nyuso zao kwa pamoja na kumtazama. Hakuwahi kutazamwa hivyo. Yeye alikuwa anawaogopa mpaka masikio yanavuma, na wao walikuwa wanamwogopa yeye. Nuru peke yake, kule nyuma, alikuwa anatazama dirisha.

"Sauti haisikiki vizuri," Siwema alisema.

Vichwa kumi na nane vikatikisika kukubali, kwa mpigo mmoja. Haisikiki, walisema, kila mtu kwa lugha yake, haisikiki kabisa, mtambo mbovu huu. Tume ikavunjwa kabla ya chai.

Alikuwa anashuka ngazi kwenda kumpigia mama yake, aliposikia mtu anahema nyuma yake. Alikuwa Mheshimiwa Ngwandu. Aliangalia kama kuna watu, halafu akamsogelea, sauti yake kubwa imekunjwa ikawa ndogo.

"Mama," alisema, "safari ijayo mimi uniambie tumebaki wawili. Kubaki peke yangu kulinitia hofu sana."

Akamshika bega kwa shukrani, akaenda zake kwenye chai. Siwema alikaa pale pale kwenye ngazi, simu mkononi. Hayo mengine angeweza kuyazoea. Ni lile "safari ijayo" lililomkalisha, namna mzee yule alivyolisema bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja Jumatatu.